Anayetengua na Aseme

Je, mtu anaweza kudhulumiwa na mashine? Swali hili likiulizwa barazani huenda likachekesha. Dhuluma ni kazi ya watu. Jiwe likimwangukia mtu hatusemi limemdhulumu, twasema limemwumiza; na mvua ikimharibia mkulima mazao yake hatuipeleki mahakamani. Hata hivyo wapo watu wazima, wenye akili timamu na subira ya kutosha, ambao wamekesha mbele ya kompyuta wakijaribu kuipa namba moja tu na kuitaka ikae nayo, wakainuka alfajiri na uchungu usiofanana na ule wa kuangukiwa na jiwe. Wamehisi kwamba wamedharauliwa. Nami nadhani, mpenzi msomaji, kuwa hisia hiyo haifai kupuuzwa kabla ya kuchunguzwa, kwa maana ndani yake limo jambo linalomhusu hata yule ambaye hagusi kompyuta mwaka mzima.

Nieleze kwanza jambo lenyewe kwa wale ambao hii si kazi yao. Kila kompyuta iliyounganishwa na wenzake huwa na anwani, ambayo si jina la mtaa bali ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.10. Mtu akitaka kuchapa karatasi kwenye printa ya ofisi, au kusoma faili lililohifadhiwa katika kompyuta ya chumba cha pili, kompyuta yake huitafuta namba hiyo kama tarishi atafutavyo nyumba. Zipo namba zilizotengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, ofisi na shule, na utaratibu wake ulitangazwa Februari 1996. Ndiyo maana namba zinazoanza na 192.168 hutumika Mombasa, Mwanza na Muscat kwa wakati mmoja bila ya kugongana, kama vile kila mtaa unavyoweza kuwa na nyumba namba kumi.

Namba hizo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupangishwa. Kompyuta ikiwashwa huuliza ni nani anayegawa namba, na kifaa kinachogawa, ambacho aghalabu ni rauta, huipa namba kwa muda maalumu. Utaratibu huo, uitwao DHCP, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na una tabia zote za mkataba wa upangaji: nusu ya muda ikishapita, mpangaji humwendea mwenye nyumba kuomba aongezewe. Njia ya pili ni ya kudumu. Mtu mwenyewe huandika ndani ya kompyuta kwamba namba yako ni hii, lango la kutokea ni lile, na wa kuulizwa majina ni fulani. Simu, na kompyuta ya kubeba mkobani, zinatosheka na upangaji, kwa kuwa leo ziko hapa na kesho ziko kwingine. Lakini kompyuta inayotafutwa na wengine, ile inayotunza mafaili ya ofisi au kuendesha printa, haifai kuhamahama. Mkunga anayetegemewa na kijiji kizima hawezi kulala kila siku nyumba tofauti bila ya kuaga.

Sasa tuje kwenye Linux. Hii ni programu kuu ya kuendeshea kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Hutolewa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuibadili. Kwa sababu hiyo imeenea katika seva za dunia nzima, na imekuwa rafiki wa shule na ofisi zenye mfuko mwembamba. Lakini kitu kisicho na mwenyewe mmoja hakina desturi moja. Vikundi mbalimbali huichukua, huifunga pamoja na programu nyingine, na kuitoa kwa jina lao. Na kila kikundi kimekuwa na mahali pake pa kuandikia anwani ya kudumu. Watu wa Debian waliandika katika faili liitwalo /etc/network/interfaces. Watu wa Red Hat waliandika kwingine kabisa. Mwaka 2004 ikaja programu ya NetworkManager, iliyokusudiwa hasa kuwarahisishia wenye kompyuta za safari. Mwaka 2017 watu wa Ubuntu wakaleta netplan, ambayo ina faili lake na namna yake ya kuandika, hata nafasi tupu mwanzoni mwa mstari zina maana. Ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayopendwa sana na walimu, kuanzia mwaka 2015 iliandikiwa anwani katika faili la dhcpcd. Ilipofika Oktoba 2023 kazi hiyo ikahamishiwa kwa NetworkManager. Hata jina la kadi ya mtandao halikusalimika: kadi iliyoitwa eth0 tangu zamani ilianza, kuanzia mwaka 2013, kuitwa enp3s0 au jina jingine la namna hiyo, kwa kufuata mahali ilipochomekwa.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtu anafuata maelekezo ya kitabu cha miaka sita iliyopita, anafungua faili, anaandika namba yake kwa uangalifu, anahifadhi. Faili linakubali. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna taa nyekundu, hakuna neno. Kisha kompyuta inazimwa na kuwashwa, na namba aliyoiandika haipo kazini. Akifungua faili anayakuta maandishi yake kama alivyoyaacha, nukta kwa nukta. Maneno yapo; msomaji wa maneno ndiye hayupo. Au kinyume chake: msomaji yupo, ila maneno yamefutwa na programu nyingine inayojihesabu kuwa ndiyo mwandishi halali wa faili hilo. Hayo ni ya kawaida sana kwa faili la /etc/resolv.conf, ambalo hutaja wa kuulizwa majina, na ambalo zaidi ya programu moja hudai haki ya kuliandika.

Hapo ndipo hasira inapozaliwa, na hapo ndipo tunapopaswa kuuliza kama ni hasira ya haki.

Mwanafalsafa Seneca, Mrumi aliyekufa mwaka 65, aliandika kitabu kizima juu ya hasira, na humo aliwacheka watu wanaokasirikia vitu visivyo na uhai, kama vile mtu anayekitupa kitabu kwa sababu kimeandikwa kwa herufi ndogo mno. Hoja yake ni nyepesi: kitu hakijui kwamba kimekukosea, wala hakisikii kwamba umekasirika, basi hasira yako inamwunguza nani ila wewe mwenyewe? Ni neno la busara, na nimewahi kulitoa kama nasaha kwa vijana wanaopiga ngumi meza. Lakini nadhani Seneca alilimaliza jambo upesi mno. Kitabu kina mwandishi. Herufi ndogo hazikuota zenyewe kama uyoga, bali kuna mtu aliyeamua ziwe ndogo, pengine kwa kubana karatasi. Hali kadhalika kompyuta. Haina nia, lakini imebeba nia za watu. Pale ambapo programu moja inafuta kilichoandikwa kwa mkono, yupo mtu aliyekaa mahali fulani akaamua kwamba itokeapo hitilafu kati ya neno la mkono na neno la programu, la programu ndilo litakalosimama. Huo ni uamuzi, na uamuzi huulizwa kama ni wa haki.

Kwa hiyo swali letu linabadilika. Haliwi tena kama mashine inaweza kudhulumu, bali je, ni dhuluma kutengua neno la mtu bila ya kumwambia?

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu, katika zahanati ambayo sina haja ya kuitaja. Palikuwa na kompyuta moja ya Linux iliyotunza kumbukumbu za wagonjwa, na nyingine mbili, moja dirisha la mapokezi na moja chumba cha daktari, zilizosoma kutoka kwake. Fundi kijana alikuwa ameiandikia ile ya kumbukumbu anwani ya kudumu, akaijaribu mbele ya wote, ikafanya kazi wiki tatu bila ya shida. Usiku mmoja umeme ukakatika. Asubuhi uliporudi, kompyuta iliwaka salama, lakini programu ya pili, isiyokuwa na habari yoyote ya lile faili la fundi, ndiyo iliyotangulia kuamka, nayo ikaenda kwa rauta kuomba namba ya kupanga. Ikapewa namba nyingine. Kompyuta ya mapokezi ikaendelea kubisha kwenye nyumba isiyokuwa na mtu.

Nilikuwapo kwenye foleni kama wengine. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa maradhi ya shinikizo la damu, aliyetoka kwake kabla ya jua. Muuguzi alimwambia kwa upole, "Babu, faili lako halifunguki, siwezi kuona kipimo cha dawa yako. Subiri kidogo." Kidogo ile ilikuwa saa nne. Kijana akaitwa, akaja mbio na begi lake mgongoni. Mganga mfawidhi akamwuliza mbele ya watu, "Wewe kijana, si uliniambia umemaliza kazi?" Akajibu, "Nilimaliza, mzee. Niliandika." "Uliandika wapi? Mbona haipo?" Kijana akafungua faili akamwonyesha, na maandishi yalikuwapo. Lakini mganga hakuwa na macho ya kuyasoma yale. Alichokiona ni foleni. Akasema, "Maandishi hayatibu mtu."

Kabla ya adhuhuri kijana alikwisha kuipata ile programu ya pili akaifunga, na dirisha likafunguka. Mzee alipata dawa zake akaenda zake. Yaliyobaki ni yale maneno yaliyosemwa hadharani, na hakuna aliyerudi hadharani kuyafuta.

Tazama basi jambo lililotendeka. Kijana hakunyang'anywa namba tu. Namba ilirudishwa kwa dakika tano. Alichonyang'anywa ni ushahidi wake. Alisema "nimemaliza", na alikuwa mkweli. Lakini ukweli wake ukageuzwa kuwa uongo nyuma ya mgongo wake, usiku, bila ya yeye kujua, hata asubuhi akasimama mbele ya mkubwa wake akiwa na sura ya mwongo. Hili ndilo ninaloliita kiini cha uchungu. Anayetengua neno lako waziwazi anakuacha mtu mzima mwenye neno lililoshindwa. Anayelitengua kimyakimya anakuacha huna la kusema, kwa sababu hata hujui kwamba umeshindwa, wala na nani.

Ni vyema hapa kutenganisha mambo matatu yanayofanana kwa mbali. La kwanza ni kukataa. Mtu anaomba, anaambiwa hapana. Inauma, lakini anajua alipo, na anaweza kwenda kwingine. La pili ni kubadili na kusema. Mtu anaagiza, anaambiwa, neno lako tumelipokea lakini tumelibadili kwa sababu kadha wa kadha. Hilo nalo linavumilika. La tatu ni kukubali kwa mdomo na kutengua kwa mkono. Katika haya matatu, la tatu ndilo lenye sura ya adabu kuliko yote, kwa kuwa halina ukali wala mabishano. Na ndilo baya kuliko yote.

Nalisisitiza hili kwa sababu linatugusa sisi wenyewe, watu wa malezi yetu. Tumefundishwa kwamba mkubwa hajibiwi "hapana". Kijana akiagizwa jambo asilokubaliana nalo husema "ndiyo, mama", "ndiyo, mzee", kisha hulifanya atakavyo au haliwi kabisa. Katika vikao vya ukoo wazo la mtu hupokewa kwa shukrani, huandikwa kwenye daftari, na baada ya kikao wachache wanaobaki kwenye kivuli cha mwembe huamua vingine. Aliyetoa wazo hupata habari siku ya harusi au ya matanga, anapoona mambo yamepangwa kinyume. Tunaita hiyo hekima ya kuepusha ugomvi, na mara nyingine ni kweli huuepusha. Lakini tukubali pia kwamba ni faili linalopokea maandishi bila ya nia ya kuyasoma. Mwenye kudharauliwa kwa namna hiyo mara tatu, mara nne, mwishowe haachi kusema tu. Huacha kuamini kwamba kusema kuna faida yoyote.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kijitabu chake juu ya amani alichokitoa mwaka 1795, aliweka kipimo ambacho naona kinafaa hapa. Alisema kwa maana hii: tendo lolote linalogusa haki za watu wengine, ikiwa nia yake haiwezi kutangazwa hadharani, basi tendo hilo si la haki. Tukichukua kipimo hicho tukaipima programu inayofuta neno la mtu, tutaona jambo la kupendeza. Nia yake ingeweza kabisa kutangazwa. Haina aibu yoyote. Programu hizo zilitengenezwa kwa sababu njema: kompyuta zilianza kusafiri, zikiamka nyumbani, zikishinda ofisini na kuishia hotelini, na faili lisilobadilika lilikuwa linazikwamisha kila mahali. Hata yale majina mapya ya kadi yalikuwa na sababu, kwa maana kompyuta yenye kadi mbili iliweza kuamka siku moja majina yake yamebadilishana, na amri iliyokusudiwa kadi hii ikaangukia ile. Basi kosa halimo katika nia. Limo katika kunyamaza palipokuwa na la kusema, na lenye kusemeka bila ya aibu.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito. Watu waliotengeneza programu hizi, wengi wao, hawakulipwa na mimi wala na wewe. Wametoa usiku wao na akili zao, wakaiweka kazi yao barabarani mwa dunia na kusema, achukue anayetaka. Yule kijana wa zahanati hakununua chochote kwao. Kwa haki gani basi mpokea zawadi anamlalamikia mtoaji kwamba hakumwandikia maelezo? Wahenga walituonya tusimkague farasi wa zawadi meno yake.

Nakubali nusu ya hoja hii. Mtoaji hana deni la kutoa zaidi. Ikiwa programu haina uwezo fulani, siwezi kusema amenidhulumu kwa kutouweka. Lakini nusu ya pili siikubali. Anayechimba kisima cha bure kando ya njia hana deni la kuweka kamba na ndoo. Lakini akikifunika kwa majani makavu, hawezi kusema, kisima kilikuwa bure. Zawadi inamwondolea mtu deni la wingi. Haimwondolei deni la kusema palipo na shimo. Na gharama ya kusema, katika jambo letu hili, ni mstari mmoja wa maandishi.

Kwamba ni mstari mmoja tu, hilo si la kubuni, kwa sababu wapo waliouandika. Watu wa Ubuntu walipohamia netplan, toleo lao la mwaka 2018 liliacha ndani ya lile faili la zamani maelezo mafupi kwamba kazi yake sasa imechukuliwa na netplan, mipangilio ya sasa itazamwe wapi, na anayetaka njia ya zamani afanye nini ili airudie. Angekwenda kijana yeyote na kitabu chake cha zamani, angefungua faili, na kabla ya kuandika herufi moja angekutana na mwenyeji aliyehama, ameacha habari mlangoni. Hali kadhalika programu nyingi zinazoliandika lile faili la majina huweka juu yake onyo kwamba usiandike hapa, utafutwa. Onyo hilo linaweza kumkera msomaji, lakini halimfanyi mwongo mbele ya mkubwa wake.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unavuka kusema na kuingia katika kusikiliza. Ndani ya netplan imo amri ya kujaribu. Fikiria mtu aliye Dodoma anayebadilisha anwani ya seva iliyoko Mtwara, naye anaifikia kwa kupitia anwani hiyohiyo anayoibadili. Akikosea namba moja, amelikata tawi alilolikalia. Hawezi tena kuifikia seva ili kurekebisha, hana budi kupanda basi. Amri hii huubadilisha mpangilio, kisha humwuliza aliyeagiza kama bado yupo na kama anakubali. Asipojibu kwa sekunde 120, huurudisha mpangilio wa awali wenyewe. Katika amri hiyo ndogo naona adabu ambayo wenye madaraka wengi hawajaifikia. Inatumia nguvu yake, lakini inaacha mlango wa kurudi. Na ukimya wa mtu haiuchukulii kuwa ni ridhaa. Unachukuliwa kuwa huenda ameumia.

Na wa tatu ndio utakaomfurahisha kila aliyelelewa katika nyumba zetu. Mwaka 2008 uliandikwa utaratibu wa kuzuia kompyuta mbili zisikae na anwani moja. Kompyuta inayotaka kuchukua namba haiingii tu. Kwanza inauliza mtandao mzima, je, yuko mtu katika namba hii? Inauliza mara tatu, ikisubiri kidogo kati ya mara na mara. Ikijibiwa, inarudi nyuma. Isipojibiwa, inaingia na kujitangaza. Mtu wa kwetu akisoma hayo hawezi kuacha kutabasamu, kwa maana hiyo ni hodi, na hata idadi yake ni ileile. Tofauti ni kwamba kwetu ukimya baada ya hodi ya tatu ni wa kurudi, na kwao ni wa kuingia. Kwa bahati mbaya si kila programu ya Linux hupiga hodi hiyo kabla ya kuweka anwani ya kudumu; nyingine huingia moja kwa moja, na mwenyeji akiwamo, wote wawili hukosa raha.

Sasa, mtu aliyetenguliwa afanye nini? Wapo waliokata shauri la nguvu. Linux inaruhusu faili kufungwa kwa namna ambayo hata mtumiaji mkuu wa kompyuta, aitwaye root, hawezi kuliandika mpaka alifungue kwanza kwa amri maalumu. Basi mtu aliyechoka kufutiwa maneno huyaandika mara ya mwisho, hufunga, na kwenda kulala. Simlaumu, na kwa usiku ule amepata amani. Lakini fikiria miezi minane baadaye, amehamishwa kituo, na mwenzake amekuja kushika kazi. Mtoaji wa huduma ya intaneti amebadilika, wa kuulizwa majina amebadilika, na faili halikubali kuguswa. Mgeni anaambiwa hana ruhusa, ingawa ndiye mkuu. Na sababu haimo popote. Yule aliyedhulumiwa kwa kimya amekiacha kimya kilekile kwa mwingine. Hivi ndivyo dhuluma ndogo zinavyorithiwa: kwa kawaida hazirudi kwa aliyezianza, bali humshukia anayefuata kwenye foleni.

Kwa hiyo mizani yangu iko hivi. Katika nyumba, katika ofisi na katika kompyuta, lazima awepo mwenye neno la mwisho, la sivyo ni mashua yenye manahodha wawili. Sioni ubaya kwamba neno la mwisho si langu. Mara nyingi anayenitengua anajua zaidi, au anaona mbali zaidi, au amebeba shida za watu wengi ambao siwajui. Lakini haki ya kutengua huja pamoja na wajibu wa kutoa habari, na vitu hivyo viwili havitenganishiki. Na kadiri anayetenguliwa anavyokuwa mdogo, ndivyo wajibu unavyozidi kuwa mzito. Kwa maana mkubwa akitenguliwa ana njia kumi za kugundua, lakini fundi kijana, au mtoto wa nyumba, au mjumbe wa mwisho kwenye kikao, atagundua siku ile atakaposimamishwa kujibu mbele ya watu.

Katika mafaili mengi ya Linux ya namna hii, mstari ukianza na alama ya # kompyuta huuruka. Hauna nguvu yoyote juu ya mashine. Haubadilishi namba, haufungui lango. Uliwekwa kwa ajili ya macho ya mtu atakayefungua faili hilo baadaye, ambaye mwandishi hamjui na pengine hatamwona. Mali bila daftari, walisema wazee, hupotea bila habari, na mstari ule ndio daftari. Fundi mwungwana huandika pale: nimeifunga faili hii tarehe fulani kwa sababu fulani, ukitaka kuibadili fanya hivi. Ni kazi ya nusu dakika, na hakuna anayelipwa kwa kuifanya. Ningependa kuona desturi hiyo ikitoka kwenye kompyuta na kukaa kwenye vikao vyetu, ili siku wakubwa wanapobadilisha kilichokubaliwa, mmoja wao atumwe jioni ileile kwa mwenye wazo, apige hodi, na kusema: tumelitengua neno lako, na sababu ni hii.